Mwenye Duka na Tamaa ya Kutajwa

Sitamtaja jina. Ametajwa vya kutosha, na kila alipotajwa mimi nilisomewa kwa sauti nikiwa nimebana pini mdomoni, sina namna ya kukataa. Mimi ni fundi wa nguo. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2001, cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka lake la vyombo vya nyumbani mjini Kitale, naye akikaa ndani ya mlango nyuma yangu, tukipeana migongo kama wake wenza. Mji mzima ulimwita mama huyo Mwenye Duka, kana kwamba Kitale ilikuwa na duka moja tu. Yeye hakuona kosa lolote katika jina hilo.

Watu wake walitoka upande wa Kati wakaja Trans-Nzoia kulima na kufanya biashara. Zaidi ya hapo sikumuuliza, kwa sababu ukimuuliza habari za zamani alikujibu kwa bei za zamani.

Duka lilikuwa jembamba na refu. Kulia kulikuwa na sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, thermosi za maua, mabeseni, karai, na vikombe vilivyofungwa kwa karatasi. Kushoto kulikuwa na rafu ndefu ya vitu alivyoviita vya asili: nyungu, vibuyu, vikapu vya mkonge na miiko ya mti. Yeye mwenyewe alikunywa chai kwenye kikombe cha bati kilichomenyeka rangi mpaka kikawa na ramani. Nilimwambia siku moja kwamba mtu aliyezungukwa na vikombe vipya hapaswi kunywea kitu kama kile.

"Hivi ni vya watu," alisema. "Changu ni hiki."

Hakupunguza bei hata kwa padri. Lakini ukilipa bila kelele, ulifika nyumbani ukakuta mfuniko wa ziada ndani ya sufuria, na ukirudi kumshukuru alikukatalia kabisa kwamba ni yeye. Alikuwa na msemo wake wa mwezi wa Disemba, aliowaambia wateja kwa huruma kubwa: "Mtu hajui umaskini wake mpaka wageni wafike na vikombe visitoshe." Niliona watu wazima wakiingia kununua kichungi cha chai wakatoka na dazeni mbili za vikombe na uso wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Sasa nije kwenye ukuta. Juu ya thermosi alikuwa ametundika fremu, na ndani ya fremu kulikuwa na vipande vya magazeti. Cha kwanza kilikuwa picha ya mtaro uliozibika. Gazeti lilikuwa limelalamikia uchafu wa mji, na nyuma ya maji meusi na mbwa aliyekuwa akiyanywa ilionekana nusu ya bango la duka. Alinunua gazeti, akakata picha, akaitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu iliyokuwa ikiuzwa hapohapo dukani, akamwambia mteja aliyeitaka fremu hiyo kwamba zimeisha. Nilimweleza kuwa habari ile ilikuwa inautukana mtaa wetu.

"Fundi," alisema, "mtaro ni wa baraza ya mji. Bango ni yangu."

Kipande cha pili kilikuwa cha mheshimiwa mmoja akikabidhi sufuria kwa kikundi cha akina mama. Sufuria zilitoka dukani kwetu. Pembeni kabisa mwa picha palikuwa na mkono uliokatwa kwenye kiwiko, umeshika mfuniko. Mteja akisimama pale chini kwa muda, Mwenye Duka alitoka nyuma ya kaunta na kuuinua mkono wake karibu na kioo ili mtu alinganishe. Kipande cha tatu kilihusu mwizi aliyekamatwa na thermosi ndani ya koti, "mali ya duka moja mjini Kitale". Hakutajwa, lakini alikuwa ameyapigia mstari maneno "duka moja" kwa wino mwekundu.

"Na kama ni duka lingine?" nilimuuliza.

"Mwizi alikuwa wangu. Mimi ndio nilimpigia nduru."

Kutajwa ni kutajwa, ndivyo alivyosema, na alisema hivyo mara nyingi kuliko alivyosema karibu. Alikuwa amejaliwa watoto wenye kazi nzuri mijini, alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na shamba la mahindi Kibomet na ng'ombe wa maziwa. Hakuwahi kutundika picha ya kitu chochote kati ya hivyo.

Ili atajwe zaidi, alibuni matembezi ya utamaduni. Ukinunua seti kamili ya sufuria na vifuniko vyake, ulipata nafasi ya kwenda matembezi bure. Tulisafiri kwa lori la kubebea mahindi, tukiwa tumepangiwa mabenchi ya kanisa, na mbele akafunga kitambaa chenye jina la duka. Aliwaarifu waandishi wote aliowafahamu. Hawakuja. Aliwaarifu tena safari iliyofuata.

Tulianzia makumbusho ya palepale mjini, safari ambayo ingetosha kwa miguu, lakini lori lilikuwa limeshalipiwa. Kijana wa makumbusho alikuwa akitueleza vizuri kuhusu vyombo vya kale. Mwenye Duka alitembea nyuma yake akinong'onezea wateja: "Hii ninayo. Hii ninayo. Hii imeisha, naletewa Jumanne." Mwishoni yule kijana alimvuta kando na kumwomba kwa heshima asiwatajie watu bei mbele ya kabati za serikali.

Safari nyingine tulipanda Mlima Elgon kuona mapango ambamo watu waliishi zamani pamoja na mifugo yao. Mzee aliyetupokea, mkulima wa viazi wa hukohuko mlimani, alituambia pango lile lilikuwa nyumba ya babu yake, na akauliza ni nani aliyetufundisha kuingia nyumba ya mtu na viatu. Tulivua wote. Tulitembea juu ya mavi ya popo kwa adabu mpaka mwisho wa pango, ndipo mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Wateja walikasirika. Mwenye Duka alikuwa amesimama peku akitazama juu, kwenye mwamba, kwa uso wa mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Mzee," alisema, "na vyombo walikuwa wanaweka wapi?"

Agosti moja ya mwaka wa kutahiri tulikwenda Bungoma. Mimi ni mzaliwa wa Lugulu, kwa hiyo nilifanywa kiongozi bila kuulizwa. Tulikutana na kundi la kijana anayetahiriwa likitoka kwa wajomba, njuga zikilia mikononi mwake, watu wakimfuata kwa nyimbo. Mwenye Duka alishuka kwenye lori na beseni kubwa la bluu, akamkabidhi mama ya kijana kama zawadi. Kiongozi wa nyimbo aliliona beseni. Hakusita; alilitia ndani ya wimbo, na duka likaingia pamoja na beseni, na umati wote ukaitikia. Tuliporudi Kitale alikwenda kwa mchora mabango, akaandikiwa kwenye kadi: TUMEIMBWA, BUNGOMA, AGOSTI. Kadi ikapata fremu.

Shida yake Bungoma ilikuwa kuku. Hakula kuku. Si kwamba alikuwa mgonjwa au kwamba dini ilimkataza. Alipokuwa mtoto alilala chumba kimoja na kuku wa mama yake, na alisema amewajua kwa karibu mno. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, na kuku yule humaanisha kitu. Ukimkataa umeikataa nyumba. Kwa hiyo katika kila boma alipokea nyama kwa mikono miwili, akashukuru, na mteja aliyekaa kulia kwake akala mara mbili. Nafasi ya kukaa kulia kwake iligombewa.

Katika safari hizo ndipo alipompata Rispa Nekesa. Huyu namtaja kwa jina, na nitamtaja kila nitakapoweza.

Rispa alikuwa mfinyanzi wa Matulo, upande wa Webuye. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alijisifu bila aibu. Mama yake alifinyanga, na bibi yake pia. Alikuambia hivyo kabla hujakaa. Alikuambia vilevile kwamba nyungu za mama yake zilikuwa nzuri, lakini zake zilikuwa nzuri zaidi, na kwamba mama yake alikufa akijua hivyo.

"Saa hii watu wanataka jelikeni," alisema siku ya kwanza. "Wanakunywa maji inanuka plastiki, ati ndio maendeleo. Wacha tu."

Mwenye Duka alichukua nyungu zake. Tangu hapo, kila Alhamisi, Rispa alikuja Kitale na nyungu zilizofungwa kwa majani makavu ya ndizi, akaketi kwenye kiti kifupi karibu na kaunta, na wale wawili wakaanza kubishana. Walibishana juu ya kila kitu: kama chai inapaswa kuchemshwa na maziwa au kando, kama mchungaji wa Rispa alikuwa akilia kweli au akijilazimisha, nani kati yao alikuwa na miguu mibaya zaidi. Mimi nilishona huku nikiwasikiliza, na ilikuwa siku yangu bora ya juma. Mwenye Duka hakuwa na rafiki mwingine. Alikuwa na wateja na waumini.

Kitu kimoja walikubaliana, nacho ni gazeti. Rispa aliziangalia zile fremu siku yake ya kwanza dukani, akauliza kila moja ni ya nini, na alipofika kwenye mkono alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akayapangusa.

"Mimi nataka moja," alisema. "Sio mkono. Uso, na jina. Rispa Nekesa, mfinyanzi. Ndugu zangu Nairobi wananiambia nacheza na matope. Wakisoma kwa gazeti watanyamaza. Nikipata hiyo, bana, hata nikikufa sawa."

"Utapata," Mwenye Duka alimwambia. "Watu wa gazeti wakija kwangu, nawaleta kwako."

Walikuja Januari ya 2004. Nyungu zilikuwa zimeanza kupendwa na watu wa Nairobi, walioziweka sebuleni na maua makavu ndani, na mwandishi wa kurasa za nyumba za gazeti la Jumapili alisikia kwamba Kitale kuna duka. Alikuwa binti mdogo mwenye haraka, amekuja na mpiga picha. Mwenye Duka alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akajipaka mafuta, akaingia kwenye gari lao, wakaenda Matulo. Rispa alikuwa ameambiwa tangu juma lililotangulia. Alikuwa amewaambia wanawake wote wa kanisa lake.

Lakini alfajiri ya siku hiyo jirani wa Rispa alifariki. Kwetu, maiti akiwa bado hajazikwa kijijini, jembe halishikwi. Hulimi, huchimbi, na mfinyanzi hagusi udongo. Rispa aliwapokea wageni akiwa amejifunga kanga ya matanga, akawakalisha, akawaeleza. Udongo ulikuwepo, umelowekwa na kufunikwa gunia nyuma ya nyumba, lakini hakuweza kuugusa. Warudi baada ya mazishi, watamkuta.

Mwandishi alisema hawezi kurudi. Ukurasa ulikuwa wa juma hilo.

Haya yaliyofuata nilisimuliwa na Rispa kama alivyoyakisia, baadaye nikasimuliwa na Mwenye Duka, na hawakutofautiana hata neno. Rispa aliitwa kwenye matanga kidogo. Mwenye Duka alizunguka nyuma ya nyumba, akafunua gunia, akachota donge la udongo, akaliweka ndani ya mfuko wa plastiki, akaingia nalo kwenye gari. Walipofika Kitale aliketi ua wa nyuma ya duka, akavua saa, akajipaka udongo mpaka viwikoni, akapakata nyungu ambayo Rispa alikuwa ameimaliza zamani, iliyolowanishwa kidogo kwa maji ili ionekane mbichi. Akapigwa picha, na mwandishi kwa haraka yake hakuuliza zaidi.

Mimi nilikuwa mbele nashona sare za shule. Nilisikia bomba la maji tu.

Jumapili ile Rispa alimtuma mtu Webuye kununua magazeti, akamwambia asirudi na moja. Baada ya ibada aliwakusanya wanawake chini ya paa la kanisa, akampa anayesoma vizuri asome. Picha ilikuwa kubwa, ya rangi. Ilimwonyesha Mwenye Duka akiwa na matope mikononi, akitabasamu. Maandishi yalisema mama huyu mfanyabiashara wa Kitale hufinyanga nyungu zake mwenyewe, kwa ufundi aliorithi. Matulo haikutajwa. Rispa hakutajwa. Wanawake walisoma mpaka mwisho, wakarudia toka mwanzo, wakidhani wameruka mstari. Kisha, kwa huruma, wakaanza kusifu mtindo wa nywele wa Mwenye Duka. Rispa aliniambia hiyo huruma ndiyo iliyomuua.

Juma lililofuata alichoma nyungu, na zote zikapasuka kwenye moto. Alisema ni kwa sababu udongo uliibiwa wakati wa matanga. Labda kuni zilikuwa mbichi. Sijui, wala sitaki kujua.

Alhamisi hakuja. Alikuja mwanawe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama anasema hivi," alisema. "Sasa si wewe ndio unajua kufinyanga. Basi finyanga."

Mwenye Duka alicheka. Alikuwa na fremu mpya, kubwa kuliko zote, na wateja walikuwa wakiingia kutoka hata Eldoret. "Atakuja tu," aliniambia. "Duka ikitajwa, nyungu imetajwa. Nyungu ikitajwa, yeye ametajwa. Kutajwa ni kutajwa."

"Wewe ungekubali hesabu hiyo?" nilimuuliza.

Alirudi kuinyoosha ile fremu mpya. Nyungu zikauzwa moja baada ya nyingine mpaka rafu ikabaki na vumbi lenye alama za duara. Watu wa Nairobi waliulizia, akawaambia zinakuja. Wengine walimwomba waone akifinyanga. Aliwaambia anaumwa mkono. Siku za Alhamisi alitoa kile kiti kifupi asubuhi, akakipangusa, na ilipofika saa sita akaweka juu yake bunda la mabeseni kana kwamba ndiyo kazi aliyokitolea. Alianza kubishana na mimi, lakini mimi sijui kubishana, nakubali haraka. Alikuwa amemkosa mwenzake vibaya sana, na niliona uchungu kumtazama.

Siku moja alikuja mbele ya cherehani yangu na kikombe chake cha bati.

"Fundi. Huko kwenu, mtu akikosa, anaombaje msamaha?"

"Anaenda," nilisema. "Anaketi. Anapikiwa kuku. Anakula."

Aliimaliza chai yote.

"Hakuna njia ingine?"

"Hakuna."

Tulikwenda Matulo pamoja, jogoo mwekundu akiwa miguuni mwetu, amefungwa. Mwenye Duka hakumtazama njia nzima. Rispa alitukaribisha kwa sauti ya kawaida, akampokea jogoo, akaenda kumchinja, akampika taratibu kama mtu asiye na mgeni. Tuliketi tukinusa. Hakuna aliyezungumzia gazeti. Chakula kilipokuja, ugali na mchuzi, Rispa alimkaribia Mwenye Duka na bakuli dogo la peke yake. Ndani yake kulikuwa na firigisi.

Firigisi kwetu ni ya mwenye boma. Mwanamke hapewi, wala mgeni asiye na maana hapewi.

"Mimi ndio mwanaume wa hii boma tangu mzee alale," Rispa alisema. "Ni yangu. Nakupatia."

Alivuta kigoda akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. Kulia kwa Mwenye Duka nilikuwa mimi, na Rispa alinitazama mara moja tu, nikaelewa kwamba leo sitakula mara mbili. Mwenye Duka aliichukua firigisi. Aliitia mdomoni, akatafuna, machozi yakamtoka, akatafuna tena, maana firigisi ya jogoo mzee haina haraka. Alipoimeza alikula na paja. Kisha akasema, akiwa bado na mchuzi mkononi, "Rispa, nilikukosea. Nilijua ni yako na nikachukua."

"Ya udongo imeisha," Rispa alisema. "Kuku imemaliza. Sasa iko ya gazeti."

"Nitaitoa ukutani kesho."

"Usitoe! Ukitoa si utasahau. Wacha ikae hapo. Mtu akiuliza, mwambie ni ya nani. Kila mtu. Mpaka gazeti iandike jina yangu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi ni shahidi, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa mlangoni. Mteja aliingia, akainua macho, akasema, "Kumbe ni wewe mfinyanzi!" Na sauti ya Mwenye Duka ikajibu, bila kupanda wala kushuka, "Hapana. Hiyo nyungu ni ya Rispa Nekesa wa Matulo. Mimi nilijipaka matope tu." Watu wengine walidhani anatania. Wengine walitoka wakinitazama mimi niwaeleze. Alisema hivyo kwa wachungaji, kwa wanunuzi wa jumla, kwa bibi arusi na wapambe wake. Siku za Alhamisi Rispa alisikiliza akiwa kwenye kiti chake kifupi, akinywa chai, na kama neno lilipungua alimrudisha: "Umeruka Matulo."

Gazeti halikuandika. Mwenye Duka alikwenda ofisini kwao Eldoret, akaambiwa habari imepitwa na wakati. Alirudi tena akiwa na nyungu mkononi kama ushahidi, wakamshukuru kwa zawadi. Matembezi yote ya utamaduni sasa yalikwenda Matulo, mara kwa mara, mpaka wateja wakaanza kununua sufuria bila vifuniko ili wasistahili. Waandishi aliowaalika waliahidi kama kawaida yao. Kila safari Rispa alivaa gauni zuri chini ya aproni, pengine waandishi wangefika leo.

Mwishoni mwa 2005 nilihamia Bungoma, mume wangu alikopata kazi, na nikaondoka pale verandani na cherehani yangu. Mwenye Duka alinipa sufuria ya zawadi, akanitoza mfuniko.

Miezi haikupita mingi, nikapata habari kwamba Rispa yuko hospitali Lugulu. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili makosa ya nyungu za watu wengine. Juma lililofuata alifariki.

Mazishi yalikuwa Matulo, Jumamosi. Nilifika mapema. Kwenye njia ya kuingia bomani nilimwona mwanamke mzee amesimama na bunda la magazeti mkononi, akimpa kila anayepita. Ilinichukua muda kumtambua, kwa sababu alikuwa amepungua mwili na hakuwa nyuma ya kaunta. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekwishapata yao, wamekaa kwenye nyasi, mmoja akiwasomea wengine kwa sauti.

Zilikuwa kurasa za matangazo ya vifo. Yeye ndiye aliyelipa, mwanawe Rispa aliniambia baadaye; familia isingeweza. Tangazo lilikuwa la rangi. Picha ilimwonyesha Rispa ameketi chini, mikono ndani ya udongo, akimkemea aliyempiga picha. Juu yake, kwa herufi nene: RISPA NEKESA, MFINYANZI WA MATULO. Chini yake wakafuata wote, kwa utaratibu wa matangazo hayo: binti wa fulani, mjane wa fulani, mama ya hawa, dada ya wale wa Nairobi, shangazi ya, nyanya ya, jirani ya, mshirika wa kanisa la, rafiki ya. Hata jirani ambaye kwa matanga yake udongo haukuguswa mwaka ule, watoto wake walikuwemo.

Niliusoma ule mstari wa marafiki. Nikausoma tena, nikidhani nimeruka.

"Mama," nilisema, "mbona wewe hauko?"

Alikuwa akinyoosha gazeti la mtu aliyefuata ili uso wa Rispa uwe juu.

"Nafasi ilikuwa kidogo," alisema.

Nikaangalia. Chini ya jina la mwisho, kabla ya ule mpaka mweusi, palikuwa pameachwa peupe, mahali pa kutosha jina la mtu na la duka lake.